Maji ya Moto Nyuma ya Karakana

Jumanne tarehe 6 Oktoba 2009, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mfuko wa kukusanyia vumbi ulikutwa umejaa robo tatu. Mashine ilikuwa bado haijawashwa hata mara moja.

Aliyeuona kwanza ni Nezir, seremala wa miaka hamsini na mbili wa kijiji cha Podgaj, juu ya mto Krivaja, Bosnia. Alikuwa amezunguka nyuma ya karakana kukagua kazi ya jana. Mfuko wa plastiki aliouacha ukining'inia mtupu chini ya feni ya kuvuta vumbi sasa ulikuwa umevimba. Alilegeza kibanio, akatia mkono. Ndani mlikuwa na kitu laini kama unga wa ngano, cha rangi ya majivu. Kilikuwa na uvuguvugu. Kilinuka kama jiko lililomwagiwa maji.

"Zuhdija!" aliita. "Hebu njoo huku."

Mdogo wake alikuja na kikombe cha kahawa mkononi, koti begani.

"Jana uliwasha feni bila mimi?"

"Niwashe na umeme gani, kaka? Waya si huo hapo?"

Ilikuwa kweli. Waya ulikuwa umejiviringa chini ya ukuta, ncha zake zikiwa wazi.

"Basi nani kajaza mfuko?"

"Wametuuzia nao hivyohivyo. Mtumba huo."

"Jana ulikuwa mtupu. Niliufunga kwa mikono yangu."

"Uliufunga macho yakiwa yameshalala," alisema Zuhdija, akacheka. "Umwage, tufanye kazi."

Nezir aliumwaga. Hakucheka.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kazi tano: msumeno wa duara, randa ya kunyoosha, randa ya kupunguza unene, kichwa cha kuchonga kingo na kekee ya kutoboa matundu, vyote juu ya mwili mmoja wa chuma wenye uzito wa kilo mia tisa. Zuhdija aliileta kwa lori kutoka Slovenia, alikofanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda cha samani. Alirudi ili yeye na kaka yake wafanye kazi chini ya paa moja, kama baba yao alivyotaka.

Lakini kwa Nezir, jambo kubwa halikuwa mashine. Lilikuwa feni na mabomba yake. Mwezi wa tano, daktari wa mapafu mjini Tuzla alimwonyesha picha ya kifua chake na kumweleza kwamba vumbi la bukva, mbao ngumu waliyoipasua kwao tangu utoto wake, lilikuwa limeanza kumziba. "Chagua," alimwambia. "Vumbi lote litoke nje ya chumba, au uache useremala. Njia ya tatu sina." Nezir hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Alikuwa akikohoa usiku kucha, na mkewe Hasiba alikuwa amezoea kulala akihesabu vikohozi badala ya kondoo.

Kuhusu mahali pa kuweka feni, ndugu hao walibishana kidogo. Nezir alitaka iwe upande wa banda la kuni. Zuhdija alitaka nyuma, ili bomba liwe fupi, kwa sababu bomba likirefuka nguvu ya kuvuta hupungua. Nyuma ndipo ukoo wao ulipomwaga majivu ya jiko tangu enzi za babu. Mama yao Ziba, alipokuwa hai, hakuruhusu mtu apakanyage jua likishazama, na kila aliyekwenda kumwaga kitu pale alitamka bismillahi kwa sauti kwanza, ili wenye mahali pao wapate nafasi ya kusogea.

Nezir alimkumbusha mdogo wake habari hiyo.

"Slovenia majivu yanatiwa kwenye pipa la taka," alijibu Zuhdija. "Sijasikia jini wa pipa."

Wakasawazisha, wakamwaga zege, na Jumatatu wakasimamisha feni juu yake na kuvalisha mabomba.

Jumanne ile na Jumatano walizitumia kuisimika mashine. Waliipima kwa pima maji kila pembe, wakaingiza vipande vya bati chini ya miguu yake mpaka povu la hewa likatulia katikati. Walilinganisha meza mbili za randa kwa rula ndefu ya chuma, mwanga usipenye. Kila sehemu ya mashine ilikuwa na shingo yake ya kutolea vumbi. Bomba la plastiki linalokunjika lilitoka pale hadi kwenye bomba la bati lililopita ukutani, na juu ya bati walifunga waya wa shaba wa kupeleka ardhini umeme wa msuguano. Zuhdija alikuwa fundi. Nezir alilikubali hilo, na lilimuuma kidogo.

Alhamisi mchana waliwasha. Feni ilinguruma lakini karatasi iliyowekwa kwenye mdomo wa bomba haikushika sawasawa.

"Inazunguka kinyume," alisema Zuhdija. Alizima, akabadilishana nyaya mbili kati ya tatu, akawasha tena. Karatasi ikanyakuliwa. Walipitisha ubao wa bukva kwenye randa na maranda yote yakaenda, sakafu ikabaki safi. Zuhdija alimpiga kaka yake begani.

"Umeona? Utazeeka hapahapa, unipigie kelele mpaka uchoke."

Walizima. Ngurumo ikapungua, ikafa. Nezir alikuwa akifuta meza aliposikia mlio mdogo wa plastiki. Bomba lilikuwa likinywea, mikunjo yake ikikaribiana. Kisha likatanuka. Kisha likanywea tena.

"Zima," alisema.

"Nimeshazima."

"Zima kule ukutani."

Zuhdija alishusha swichi kubwa. Walisimama wakilitazama. Lilinywea, likatanuka, polepole, mara sita au saba, halafu likatulia.

"Hewa iliyobaki," alisema Zuhdija. Alisema kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema karibu na kitanda cha mgonjwa.

Ijumaa asubuhi Hasiba aliweka kahawa mezani, akamtazama mumewe.

"Usiku hujakohoa."

"Kweli?"

"Hata mara moja. Niliamka nikuguse nione kama uko hai."

Nezir alifurahi. Alisema feni imefanya kazi yake. Hasiba hakumkumbusha kwamba feni ilikuwa imefanya kazi saa moja tu.

Jumamosi walikuta bomba limechomoka kwenye shingo ya mashine, mdomo wake umelala juu ya kigoda ambacho Nezir hukalia akinoa patasi. Kibanio kilikuwa kimefunguliwa kwa bisibisi; skrubu ilikuwa imewekwa kando, imesimama. Jumatatu ikawa hivyohivyo. Jumanne, zaidi ya bomba, meza moja ya randa ilikuwa imeshushwa milimita mbili. Ubao uliopita juu yake ulirudi umeliwa mwishoni.

Funguo za karakana zilikuwa mbili. Moja alikuwa nayo Nezir, nyingine Zuhdija.

Nezir alianza kukumbuka maneno. Mwezi wa nane, wakila pita, mkate mwembamba uliojazwa viazi, uani, Zuhdija alikuwa amesema, "Kifua kikikushinda, kaka, utakaa kwenye kiti unisimamie. Nitaendesha mimi." Siku ile kila mtu alicheka. Sasa Nezir aliyageuzageuza maneno yale kama mtu anayetafuta ufa kwenye ubao. Nani angefaidika bomba lisipofanya kazi? Nani alijua kuishusha meza milimita mbili kamili? Nani alichagua nyuma?

"Unanichezea," alimwambia Jumanne ile.

"Nini?"

"Unafungua bomba ili nikohoe. Nikikohoa nitaondoka."

Zuhdija aliweka spana chini taratibu.

"Kaka, wewe hukohoi. Una siku tano hukohoi. Kama ni mchezo, mbona mimi ndiye ninayeshindwa?"

Maneno hayo yalizidisha shaka ya Nezir. Jumatano jioni, Zuhdija alipokwisha kwenda kwake, alichukua chekecheo la Hasiba, akachekecha vumbi laini la mbao juu ya sakafu yote, kuanzia mashine mpaka mlangoni, akirudi kinyumenyume. Akafunga. Asubuhi alimngoja mdogo wake mlangoni ili wafungue pamoja.

Bomba lilikuwa juu ya kigoda. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, zikienda na kurudi. Zuhdija alichuchumaa, akazitazama, akaanza kucheka.

"Haya, pima. Mguu wangu namba arobaini na tano. Huu ni wa—"

Hakumaliza. Alitazama buti za kaka yake. Kisigino cha buti ya kushoto ya Nezir kilikuwa kimeliwa upande, na fundi viatu alikuwa amekipiga misumari mitatu. Misumari ile mitatu ilionekana kwenye kila wayo.

"Zangu hizo ni za jana," alisema Nezir.

"Jana ulirudi kinyumenyume ukichekecha. Si ndivyo ulivyoniambia sasa hivi?"

Zuhdija alisimama wima.

"Kaka," alisema Zuhdija, "tangu lini unajichezea mwenyewe?"

Nezir alimfukuza asubuhi ile kwa maneno ambayo baadaye hakuyarudia kwa mtu. Kisha alibaki peke yake ndani. Ilikuwa saa sita kasoro mchana, jua limeingia madirishani, swichi kubwa ya ukutani imeshushwa. Alitaka kulirudisha bomba mahali pake. Alipolinyanyua kutoka kwenye kigoda alisikia kitu ndani yake, mbali, upande wa nyuma ya ukuta, akadhani ni panya, akauleta mdomo wa bomba sikioni, na harufu ya majivu yaliyolowa ikamjia usoni pamoja na uvuguvugu kama wa mtu anayenong'ona, na kutoka mwisho wa bomba, kupitia bati na mikunjo ya plastiki, kikaja kikohozi, kikavu mwanzoni, halafu kizito, halafu kile cha mwisho kinachomalizikia kwenye filimbi nyembamba kooni, na Nezir alikijua kwa sababu alikuwa ameishi nacho miaka tisa na hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa nacho, kilikuwa chake.

Alilitupa bomba chini. Halikuacha kukohoa mara moja.

Jikoni Hasiba alikuwa akinyoosha chapati nyembamba ya pita juu ya kitambaa, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Alipomwona aliacha unga. Alifunga mlango kwanza.

"Nilijua utakuja," alisema chini kwa chini. "Kaa."

"Unajua nini?"

"Tangu Jumamosi. Adhana ya alfajiri ikilia, unaamka. Nadhani unakwenda kutawadha. Hutawadhi. Unavaa buti, unashuka. Juzi nilikufuata mpaka dirishani."

"Ukaona nini?"

"Umekaa kwenye kigoda. Bomba umelishika kwa mikono miwili, umelitia mdomoni." Alitazama mlango. "Kama mtoto na chuchu, Nezir."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Au nimwambie yule aliyerudi kitandani?"

Hasiba alifuta mikono kwa aproni.

"Na kuna jingine. Jumatatu ile ya kwanza, mlipokuwa mnavalisha mabomba. Bomba lilikuwa gumu kwa baridi, halikuingia. Zuhdija alinijia kuomba maji ya moto alilainishe mdomo. Nilimpa sufuria ikitokota. Alipomaliza alitoka nayo nyuma akayamwaga pale penye majivu. Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa dirishani. Hakutamka kitu, Nezir. Hata midomo haikutikisika."

"Ungesema siku ile."

"Siku ile mngepigana. Nikanyamaza nyumba itulie." Alianza kulia bila sauti. "Ikatulia sana."

Jumapili tarehe 18 Hasiba alimleta Rukija kutoka kijiji cha chini, mwanamke wa miaka themanini na kitu ambaye huyeyusha madini ya risasi na kuyamimina majini kwa ajili ya watu waliopatwa na hofu au waliogongana na viumbe wasioonekana. Alimwita na Zuhdija pia. Huyu alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

Rukija alimkalisha Nezir katikati ya chumba na kumfunika kitambaa chekundu.

"Usitetemeke, we mtoto wa Ziba. Nimebakiwa na meno manne, siwezi kukuuma."

"Sitetemeki, shangazi."

"Basi kiti ndicho kinachotetemeka."

Alisoma kwa sauti ya chini. Aliyeyusha risasi kwenye kijiko kirefu juu ya jiko, Hasiba akashika bakuli la maji juu ya kichwa cha mumewe, na Rukija akamimina. Maji yalilipuka kwa mlio. Risasi ilitoka na miiba mingi. Rukija aliitazama, akaiweka kando.

"Nani kamwaga maji ya moto?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya maji. Zuhdija alivua kofia.

"Mimi, shangazi. Sikutamka."

"Slovenia hawakukufundisha kutamka?"

"Nilisahau tu. Kaka, nilisahau. Nilikuwa na haraka, nataka ulione likivuta."

Rukija alirudisha risasi kwenye kijiko, ikayeyuka tena.

Mara ya pili walishika bakuli mbele ya kifua. Safari hii maji hayakulia. Risasi iliingia kimya, na Rukija alipoitoa ilikuwa imekuwa kitu chenye uwazi ndani, chembamba, chenye mdomo upande mmoja. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu.

"Huyu hakuja kwa ugomvi," alisema. "Kaungua, katafuta pa kukimbilia, kakuta tundu la bomba. Kalifuata. Mwisho wake kakuta kifua kina joto. Kaingia, na alichokikuta humo kakitoa nje apate nafasi."

Wakati anasema hayo Nezir alianza kukohoa. Kilikuwa kile kile, kikavu, kizito, na filimbi mwishoni. Aliinama mpaka kitambaa kikaanguka. Alitema matope ya kijivu kwenye kiganja cha Hasiba, na Hasiba hakuondoa mkono.

"Anatoka," alisema Rukija. "Bado miguu. Nikimwaga ya tatu, ameondoka, na hapo nyuma mtavunja zege lenu muwapishe wenye mahali pao."

Nezir alipata pumzi kwa shida.

"Na kifua?"

"Kifua utarudishiwa kama kilivyokuwa, mwanangu. Mimi natoa jini. Ugonjwa ni wa daktari."

"Nitaacha kazi, basi."

"Hilo sijui."

"Ninalijua mimi."

Rukija alikuwa amekwisha kurudisha kijiko juu ya jiko. Risasi ilikuwa imeanza kung'aa. Nezir alikohoa tena, akashikilia meza. Alitazama mikono yake. Kisha alisimama.

"Inatosha, shangazi."

"Haitoshi. Kaa."

"Nimesema inatosha. Asante."

"Nezir," alisema Hasiba.

"Kaka, usifanye hivyo," alisema Zuhdija, akaziba mlango kwa mwili wake. "Tutafanya kazi pamoja, utakaa, utanielekeza. Kaka. Nitakuwa mikono yako."

"Si ndicho ulichokitaka tangu mwanzo?"

Alimsogeza kwa bega, akatoka. Hakukohoa akivuka ua. Baada ya dakika chache walisikia mashine ikiwashwa, halafu feni, halafu ubao ukipita kwenye randa, ubao baada ya ubao, bila kupumzika, mpaka jioni. Rukija alifunga vitu vyake ndani ya kitambaa chekundu. Hakutaka kula. Alimwambia Hasiba akalale kwa dada yake kwa muda.

Zuhdija aliondoka kwenda Slovenia Jumatano tarehe 21. Ufunguo wake aliuacha kwenye kizingiti cha dirisha. Hasiba hakwenda kwa dada yake. Alihamia chumba cha pili.

Jumanne tarehe 10 Novemba, saa tano asubuhi, Nezir alikwenda Tuzla kupimwa tena, na mkewe alikuwa naye. Picha mpya ilikuwa safi. Daktari aliiweka karibu na ya mwezi wa tano, akauliza kama kuna makosa ya majina. Hayakuwapo. Akamwambia avue shati, akamsikiliza mgongoni, kisha kifuani.

"Zuia pumzi, nisikilize moyo."

Nezir alizuia.

Daktari alihamisha kipimo kutoka kushoto kwenda kulia, akakirudisha.

"Nimesema zuia."

Nezir alifumba midomo, akaibana pua kwa vidole viwili, ili amwonyeshe. Daktari alisikiliza tena. Aliitazama saa ya ukutani dakika nzima. Kisha alivua kipimo masikioni, akampa Hasiba.

Hasiba alisikiliza. Mumewe alikuwa bado amejibana pua. Kifuani mwake mtu alikuwa akipumua, polepole, kama aliyelala.